Kafiri Namba Nane

Watu wa Bariadi wakikutana nami sokoni bado wananiuliza kama ni kweli mimi ndiye yule mama aliyemtukana mzungu wa pamba kwenye kipaza sauti. Nawajibu kwamba sikumtukana mtu, nilitafsiri. Wanacheka, wanadhani najitetea. Mimi sicheki. Miaka yote hii hasira yangu haijapoa, na nisiwafiche, sehemu yake kubwa haimhusu mzungu.

Ilikuwa mwaka 1998, Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Ushirika wetu wa pamba ulikuwa umekufa na kuzikwa bila matanga, nami nilikuwa miongoni mwa makarani waliorudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Kila mwenye mtaji alikuwa ruksa kununua pamba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tukasema, na mgeni akaja. Kampuni moja ya Afrika Kusini ikanunua jengo la zamani la kuchambulia pamba nje kidogo ya mji, ikaleta mashine mpya na meneja wake, Bwana Venter.

Mimi Felisita nilipata kazi pale kwa sababu ya Kiingereza. Nilikipata kwa masista, halafu nikakinoa miaka sita Mazimbu, Morogoro, nilikokuwa mpiga chapa kwenye shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, wale waliokuwa wakipigania uhuru wa kwao. Kampuni ikanipa kazi mbili: kuchapa barua, na kumtafsiria Bwana Venter, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "haraka" na "bia".

Bwana Venter alikuwa amecheza raga kwao ujanani, na alipowaona vijana wetu wakibeba marobota ya pamba mgongoni, akaona timu. Raga wengi hatukuwa tumeisikia. Mpira wake una umbo la yai, unaushika mikononi na kukimbia nao, wapinzani wanakuangusha mzima mzima, na kufunga ni kuulaza chini nyuma ya mstari wa adui. Wazee walipoitazama mara ya kwanza waliuliza vijana wale wanagombania nini na kwa nini hakuna anayewaamua. Lakini kampuni ilitoa mkataba: asubuhi unapakia marobota, mchana unafanya mazoezi, na mshahara wa mchezaji si wa kuli. Vijana wakajaa. Timu ikaitwa Marobota, na mwaka haukwisha kabla haijaanza kucheza na timu za Arusha, Moshi na Mwanza, na kuzifunga.

Mchezaji wake bora alikuwa Mashimba, mtoto wa marehemu kaka yangu wa Kimali. Alicheza namba nane, yule anayesukuma nyuma ya kundi zima na kutoka na mpira. Kijana mkubwa kama mlango wa ghala, lakini mpole, akikuta kuku njiani anampisha. Mimi ndiye niliyempeleka kuandikishwa. Mimi ndiye niliyemwambia mama yake, wifi yangu Kwandu, kwamba asiwe na wasiwasi, mtoto yuko na shangazi yake.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba tulicheza na timu ya Arusha. Uwanja ulijaa. Twaibu, mtoto wa mwenye duka la vitambaa pale mjini, alikuwa mkimbiaji wa pembeni. Alipokea pasi akiwa peke yake, mbele yake hakuna mtu, mstari uko hatua tano, na mpira ukamponyoka. Bwana Venter alivua kofia akaitupa chini. Akamwaga Kiingereza chote kibaya alichokuwa nacho, na mwishoni neno moja lililofika mpaka upande wa pili wa uwanja.

"Kafir!"

Twaibu alisimama palepale. "Nani kafiri?" akauliza. "Mimi?" Akavua jezi, akatembea mpaka kwenye mstari kifua wazi, akanyoosha kidole juu, akatamka shahada mbele ya pua ya mzungu, neno kwa neno, kwa sauti ya kumfundisha mtoto. Alipomaliza akamwambia, "Mimi nimeswali alfajiri ya leo. Wewe umeswali?" Kisha akaondoka zake, mechi ikiendelea, na watu wakampigia makofi.

Bwana Venter akanigeukia. "Anasema nini huyo?"

Nilikumbatia daftari langu. Neno lile nililijua.

Mazimbu tulikuwa na msimamizi wa chumba cha kupiga chapa, mama mmoja wa Johannesburg. Siku moja vijana wawili wa shule walipita dirishani petu wakitaniana kwa neno hilo. Mama yule aliinuka, akasimamisha mashine zote, akatueleza sisi Watanzania, maana wenzake hawakuhitaji kuelezwa. Alisema makaburu walilikuta neno la watu wa dini, wakalivua dini, wakabaki na tusi tupu. Wanamwita nalo mtu mweusi yeyote, awe padri, awe shehe, awe mtoto mchanga. Maana yake ni kwamba wewe si mtu, ni mnyama wa kazi aliyejaliwa miguu miwili. Baba yake alipigwa mateke na msimamizi wa mgodi mpaka akafa, na neno hilo ndilo la mwisho alilolisikia duniani. "Mkilisikia siku moja," alituambia, "msicheke." Tukarudi kuchapa.

Sasa fikirini. Nchi hii ilikaza mkanda miaka na miaka kwa ajili ya uhuru wa watu wale. Tulichangishwa, tukachanga. Tuliimba nyimbo zao shuleni hata maneno hatuyajui. Uhuru ukapatikana, tukafungua milango kwa furaha, na neno lilelile likaingia kwa kibali cha mwekezaji, likapigiwa kelele Bariadi, juu ya nyasi zetu. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Na bado sikusema kitu. Nilifungua daftari, nikajifanya naandika.

Jumatatu kamati ya nidhamu ya klabu ikakutana ofisini. Mwenyekiti alikuwa Fredrick, afisa utumishi wa kampuni, mtu wa Nyashimo mwenye tai na woga. Mashtaka yalikuwa mawili na yaligongana. Kampuni ilimshtaki Twaibu kwa kutoroka uwanjani, adhabu yake kuvunjiwa mkataba. Waislamu wa mjini nao walimshtaki Bwana Venter kwa kukashifu dini. Miaka ile mihadhara ya dini ilikuwa imewagombanisha watu katika miji mingi, na Fredrick hakutaka moto huo uje kuunguza pamba ya kampuni. Kwa hiyo alimwalika shehe, na ili mizani isilale upande mmoja, akamwalika na mchungaji. Mashimba alikuwepo kwa niaba ya wachezaji. Mimi nilikaa katikati, nikitafsiri huku na huku.

Mnaona jinsi mambo yalivyokwishapinda? Mtu ametukanwa kwa ngozi yake, na wanaoitwa kuamua ni shehe na mchungaji. Hapo ndipo nilipopaswa kuweka kalamu chini.

Shehe alikuwa mtu wa maneno machache. Fredrick akamwomba aeleze maana ya neno. "Kafiri ni mtu aliyeikana imani," akasema. "Kumwita hivyo mtu anayeswali ni jambo zito. Lakini ninachotaka kujua ni kimoja. Bwana huyu si Muislamu, na Kiarabu hajui, na Kiswahili hajui. Alilisema kwa lugha gani?"

Wote wakanitazama. Kuuliza si ujinga, na shehe yule ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana mwaka mzima ule. Nikamtazama Fredrick. Macho yake yalikuwa yanasema majina ya makarani wanne waliopunguzwa mwezi uliopita. Nikamtazama Mashimba, amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono magotini. Asubuhi ileile Bwana Venter alikuwa ameniambia kwamba kijana huyu akiendelea hivi atampeleka kwao, kwenye klabu ya mji wake, akajaribiwe mchezo wa kulipwa hasa.

"Ni neno lilelile la kwetu," nikasema.

Fredrick akashusha pumzi mpaka tai ikacheza. Kila kitu kikawa rahisi. Bwana Venter akaomba radhi, akasema alikuwa hajui kwamba Twaibu ni Muislamu, nami nikatafsiri. Twaibu akasimama, akampa mkono, akasema amesamehe kwa ajili ya Mungu, nami nikatafsiri. Shehe alikusanya kanzu yake, akanitazama kitambo. "Haya, mama," akasema. "Wewe ndiye unayejua Kiingereza." Akaondoka.

Kisha Fredrick akasoma uamuzi: kuanzia siku ile, neno hilo lisitumike kwa mchezaji yeyote Muislamu.

"Na sisi wengine?" mchungaji akauliza.

Fredrick akacheka, mambo yakiwa yamemnyookea. "Mashimba ni Mkatoliki na kipaimara amepata. Litamuumiza nini? Au siyo, Mashimba?"

"Mimi mbona sina ugomvi," Mashimba akajibu kwa tabasamu. "Kwa Twaibu mimi ni kafiri tangu nizaliwe, na chapati zake nakula."

Wakacheka wote, Twaibu zaidi ya wote. Bwana Venter akaniuliza wanacheka nini na wameamua nini. Nikamweleza. Alinitazama kama haamini bahati yake, halafu tabasamu likaanza taratibu upande mmoja wa mdomo.

"Kwa hiyo kwa wengine ruhusa?"

"Ndivyo kamati ilivyosema," nikamwambia. Nikaenda kuchapa muhtasari wa kikao, nakala nne.

Naomba mnielewe vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi hata leo. Kikao kiliitwa ili kulikomesha neno. Kikaisha kimelikatia leseni. Wiki haikupita vijana wakawa wanaitana wenyewe. Timu ikagawanyika kwa utani, waumini watatu na makafiri kumi na wawili, na kila kafiri akapewa namba yake ya jezi. Mashimba akawa Kafiri Namba Nane. Alipomwangusha mtu, mashabiki waliimba, "Kafiri! Kafiri!" mpaka akina mama wa mihogo wakaimba. Bwana Venter alicheka mpaka akafuta machozi. Mwezi wa nane alileta marafiki zake wawili kutoka Mwanza, akawaketisha kwenye viti chini ya turubai, na walipousikia uwanja mzima wa watu weusi ukiimba vile, walishikana mabega kwa kicheko. Mmoja alipiga picha.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na chupa za maji. Nilisikia walichosemezana. Sitakirudia hapa, kwa sababu nimeshatafsiri vya kutosha maishani.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa Bwana Venter akaniita nichape barua ya Mashimba. Safari ilikuwa imekubaliwa: basi Alhamisi mpaka Mwanza, treni mpaka Dar es Salaam, halafu ndege. Akazunguka chumbani mikono mfukoni, akitamka nami nikichapa. Kwamba kijana ana nguvu na mbio. Kwamba hajawahi kulalamika. Kwamba ni kafir mwema wa aina ya zamani, hajaharibiwa na siasa, na kwamba vijana wa klabu watafurahi naye sana, kwani ukimwita anaitika. Hapo akasimama, akacheka peke yake.

"Hilo la mwisho usilifute," akasema. "Litawafurahisha."

Nikachapa. Vidole vyangu hivi. Nikamletea, akatia sahihi.

Jumanne jioni nilikwenda chumbani kwa Mashimba kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilikuta amefunga kila kitu. Juu ya kitanda palikuwa na begi jipya, na mchoraji wa mabango pale stendi alikuwa ameliandika kwa rangi nyeupe, herufi nzuri kabisa: KAFIRI No. 8, BARIADI.

"Shangazi, umeliona?" akaniuliza, uso unang'aa.

"Ng'wanawane, mwanangu, futa hayo maandishi."

"Kwa nini?"

"Futa tu. Andika jina lako. Mashimba ni jina zuri."

"Lakini kule hawamjui Mashimba. Kocha amesema ameshawaandikia habari zangu." Akakaa kitandani, kitanda kikalia. "Nimejizoeza na Kiingereza. Nikifika nitawaambia, *Good morning, I am Kaffir from Bariadi.* Kocha kanifundisha. Nimesema vizuri?"

Nilimwona kijana wa kaka yangu, mpole wa kumpisha kuku, anashuka kwenye ndege, amevaa shati la kanisani, anawanyooshea watu mkono na kujitambulisha kwa tusi. Nilifungua mdomo. Kisha nikaona jinsi alivyokunja soksi zake, mbili mbili, na nikafikiri kwamba nikisema sasa nitaiua safari yake kwa mkono wangu, na labda kule watamheshimu wakiona mchezo wake, na labda mambo kule yamebadilika. Mtu anayetaka kunyamaza hakosi labda.

"Umesema vizuri," nikamwambia. Nikaondoka.

Jumatano mchana mashine zilizimwa mapema. Wafanyakazi wote walikusanywa uwanjani mwa kiwanda kumuaga Mashimba. Kulikuwa na soda, turubai, kipaza sauti. Wifi yangu Kwandu alikuwa amefika kutoka Kimali na ndugu sita, amevaa kitenge kipya, na kila aliyemsalimu "Mwadila, mayu" alimjibu kwa magoti, hata vijana wadogo, kwa shukrani tu. Aliponiona alinishika mikono yote miwili. "Wabeja, wifi," akanishukuru. "Wabeja sana. Ulisema utamwangalia."

Bwana Venter akasimama kwenye kipaza sauti, nami kando yake. Akasema mawili matatu kuhusu pamba, nikatafsiri. Akasema kuhusu timu, nikatafsiri. Kisha akamwita Mashimba, akamwekea mkono begani kama mtu anayeonyesha fahali mnadani, na akasema kwa Kiingereza chake kizito:

"Nawapelekea watu wa kwetu kafir bora kuliko wote niliowahi kuwafunza."

Neno walilisikia wenyewe. Hawakungoja tafsiri. Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. "Kafiri! Kafiri!" Mashimba akainua mkono. Na wifi yangu Kwandu, ambaye hakujua hata kidogo linahusu nini, ila alijua kwamba mwanawe anasifiwa, akapiga vigelegele.

Vile vigelegele. Hapo kitu fulani kilikatika ndani yangu, na sikuwa tena na kazi ya kuogopa wala Fredrick wa kumwogopa. Nikavuta kipaza sauti.

"Bado sijatafsiri," nikasema. Wakanyamaza, wakitabasamu. "Bwana huyu anasema hivi. Anasema Mashimba si mtu. Anasema ni mnyama wa kazi, bora kuliko wanyama wote aliowahi kuwafunza. Kwao, neno hilo ndilo maana yake. Halihusu dini. Halijawahi kuhusu dini. Ni jina walilowaita watu weusi walipokuwa wakiwapiga, wakiwafunga na kuwaua. Alimwita hivyo Twaibu. Amewaita hivyo ninyi nyote, na mkaitika, na alileta rafiki zake waje waone mnavyoitika."

Fredrick alikuwa ameshafika kwenye waya. "Dada Felisita amechoka," akawatangazia watu, na kipaza sauti kikafa. Nikaendelea kwa mdomo mtupu, na safari hii kwa Kisukuma, kwa ajili ya wifi yangu. Kisukuma hakina neno la kitu kile. Ikabidi nieleze kwa kirefu, kipande kwa kipande, nikimtazama machoni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mikono yake ilivyoshuka kutoka mdomoni.

"Unawaambia nini?" Bwana Venter akanishika kiwiko. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nawaambia ulichosema."

"Lakini wenyewe wanaitana hivyo!" akapiga kelele. "Kila siku! Nani amewalazimisha? Kamati yenu iliruhusu! Wewe mwenyewe uliniambia!"

Nilikuwa na hasira ya kumtosha yeye na kampuni yake na mji wake wote, lakini jibu la neno hilo sikuwa nalo. Sina hata leo.

Twaibu alikuwa amesimama mstari wa mbele na chupa ya soda. Aliiweka chini polepole. "Basi mimi niliombwa radhi ya nini?" akauliza. Akatazama wenzake, wale kumi na wawili. "Nilimsamehe kitu gani? Nilikubali kwamba mimi simo, ila ninyi mmo. Na nikacheka." Akatembea mpaka alipo Mashimba, akasimama ubavuni mwake kama wanavyosimama kwenye skramu, lile kundi la kusukumana, bega kwa bega, akimkabili mzungu. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga mtu. Bwana Venter alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta wa ghala, na nilifurahi kumwona anaogopa, sitasema uongo.

Mashimba hakuwa akimtazama Bwana Venter. Alikuwa akinitazama mimi.

"Shangazi," akasema. Alisema kwa upole uleule, na watu wote wakasikia. "Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu jana. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Tangu siku ile ya Twaibu," nikasema. "Neno lenyewe nililijua hata kabla hujaanza kucheza."

"Na shehe alipokuuliza?"

"Nilijua."

"Na jana, nilipokusemea kile Kiingereza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama yake alianza kulia, bila sauti, kitenge mdomoni. Mashimba akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu, wakaondoka. Timu ikawafuata.

Alhamisi asubuhi kampuni iliifuta barua ya safari kabla Mashimba hajapata nafasi ya kuikataa. Nilisikia kwamba alikuwa amekwenda kuirudisha kwa mkono wake, akaambiwa haina maana tena. Hata heshima ya kukataa wakamnyima. Wachezaji tisa walivunja mkataba wiki ileile, na Marobota ikafa. Bwana Venter alihamishiwa kiwanda kingine mkoa mwingine, na kwenye barua ya uhamisho wake, ambayo sikuichapa mimi, nasikia iliandikwa kwamba palitokea kutoelewana kwa lugha. Fredrick alipanda cheo.

Mimi nilifukuzwa. Barua yangu ninayo, ina mstari mmoja: kosa, tafsiri isiyo sahihi, siku ya kumuaga mchezaji. Kila nikiisoma nacheka kwa ghadhabu, maana ni karatasi pekee ya ukweli iliyowahi kutoka katika ofisi ile. Nilitafsiri vibaya kweli. Tarehe tu ndiyo waliyokosea.

Mashimba sasa analima pamba na kufuga Kimali. Ana mke na watoto, na watoto wale wananiita bibi na kunikimbilia nikifika. Hanikosei adabu. Hunitolea kiti, humwambia mkewe achinje kuku, hunisindikiza mpaka barabarani na mzigo wangu kaubeba yeye. Hatujawahi kugombana, na yale ya kiwandani hajawahi kuyataja. Wapo wanaoniambia kwamba basi ameshasahau, nimshukuru Mungu.

Lakini ni mtoto wa kaka yangu, nimemjua tangu akiwa mgongoni. Mwezi uliopita nilifika asubuhi, akiwa zizini na ng'ombe. Aliniona kwa mbali, akaosha mikono, akaja kunipokea na kuinama kidogo kama inavyostahili kumwinamia mkubwa.

"Mwangaluka, mkalimani," akanisalimu.

Ndivyo anavyoniita tangu siku ile. Nami naitika.